Nyota tano mapokezi, watu wawili korido nzima

Binamu yangu aliyeoa Mmarekani alinipigia juzi. Mama mkwe wake hawezi tena kukaa peke yake, na wamebakiwa na nyumba mbili za kutunzia wazee: moja serikali imeipa nyota tano za ubora, nyingine tatu. "Dada, si jibu liko wazi?" Nikamwambia asitie saini popote kabla hajajua Jumapili jioni kunakuwa na wahudumu wangapi.

Nina miaka tisa kwenye kazi hii ya wazee huku Marekani. Nyumba moja niliyofanya kazi ilikuwa na nyota zake tano kwenye fremu pale mapokezi, kando ya maua ya plastiki. Usiku mmoja wa Jumapili tulikuwa wawili kwa wazee 34. Bibi wa chumba cha mwisho alikuwa na kawaida ya kuvaa viatu kabisa ndipo abonyeze kengele, ili nikifika tuelekee msalani moja kwa moja. Usiku ule nilikuwa na mzee mwingine kwenye mashine ya kuinulia, na mtu huwezi kumwacha ananing'inia. Nilipofika kwa bibi, viatu viko miguuni, shuka limelowa, naye ananiomba radhi mimi. Fremu ya mapokezi haikupungua hata ncha ya nyota.

Nyota hizi serikali ilianza kuzitoa mwaka 2008. Msingi wake ni ukaguzi, kisha nyota huongezwa au kupunguzwa kwa idadi ya wauguzi na wahudumu na kwa vipimo vya ubora. Wengi hawajui kwamba kwenye ukaguzi nyumba hushindanishwa ndani ya jimbo lake tu: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja. Kuwa wa kwanza darasani hakukwambii darasa lenyewe likoje.

Vipimo vya ubora ndivyo ninavyoviamini kwa uchache zaidi, maana vingi hutoka kwenye fomu ambazo nyumba hujijazia yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua rekodi za wazee waliofikishwa hospitali kwa kuanguka na kuumia vibaya, wakazilinganisha na fomu hizo. Ajali zilizoandikwa kwenye fomu zilikuwa nusu na ushei tu.

Saa za kazi ni habari nyingine. Zamani nazo nyumba ilijitajia, lakini tangu 2018 nyota za wafanyakazi hutokana na rekodi za mishahara, na mshahara kuudanganya si rahisi. Tangu 2022 tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, huonyesha pia saa za wikendi na ni wafanyakazi wangapi wanaacha kazi kwa mwaka. Mimi naanzia hapo. Mhudumu mgeni hajui kuwa bibi huvaa viatu kwanza.

Halafu kuna bakshishi ya serikali kwa nyumba zenyewe. Chini ya sheria ya 2014, malipo yalianza Oktoba 2018: katika kila dola 100 za Medicare, dola mbili hukatwa, kisha dola moja na senti 20 hurudi kugawanywa kwa waliofanya vizuri. Senti 80 hubaki serikalini. Kwa miaka kipimo kilikuwa kimoja tu, mgonjwa asirudi hospitali ndani ya siku 30. Hilo linamhusu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga na anayekaribia kurudi kwake. Bibi yangu alikuwa mkazi wa kudumu, analipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo ushindani huo ulimpita pembeni. Tangu Oktoba 2025 wameingiza saa za wauguzi na wahudumu, na wangapi wanaacha kazi. Nimefurahi, ingawa kumkata pesa mwenye upungufu wa watu na kutegemea aajiri zaidi ni hesabu ambayo bado sijaielewa.

Binamu alikwenda Jumapili saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula, bila kupiga simu. Kwenye nyumba ya nyota tano alihesabu taa sita za kengele za kuita wahudumu zinawaka juu ya milango. Alisimama dakika 20. Ikazimwa moja.