Pesa kidogo, matope mengi: gari la fowili lianze kufungwa nini?

Mtu akishapata Prado au Hilux Surf ya mkono wa pili hapa Kampala, hamu yake ya kwanza huwa ya macho. Anataka gari linyanyuke, lifungwe bampa la chuma mbele, keria juu, taa za mstari kwenye paa, na ile snokeli, bomba la kuvutia hewa ya injini linalopanda ubavuni mwa kioo. Pesa aliyonayo haifiki hata nusu ya hayo. Akiuliza ushauri, anakutana na kambi mbili. Moja inamwambia gari la Mjapani lilitoka kiwandani likiwa limekamilika, usiliguse. Nyingine inamwambia barabara zetu si za Tokyo, usipoliongezea vitu utalala njiani.

Kambi zote mbili zina hoja. Kasoro yao ni kwamba zinabishania vya kuongeza kabla hazijainama chini ya gari kuona kilichopo.

Tuwasikilize kwanza hao wa "usiliguse". Ushahidi wao mkubwa ni zile Land Cruiser Hardtop za mashirika ya misaada, ambazo zimezunguka Karamoja na West Nile miaka nenda rudi bila mapambo yoyote. Ni kweli. Lakini Hardtop ya shirika huagizwa kwa kazi hiyo: springi ngumu za kubebea mzigo, rimu za chuma, mara nyingi matangi mawili ya mafuta na snokeli kutoka mwanzo. Prado iliyokuja kwa meli kutoka Japani ilinunuliwa na mtu wa mjini, ikawekewa springi laini na matairi ya lami. Zote ni Toyota, zote ni za fowili, ila hazikuandaliwa kwa maisha yaleyale.

Halafu kuna suala la umri. Tangu Julai 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Prado ya miaka ya tisini, ile ambayo wengi wetu tunaimudu, ilitengenezwa kati ya 1996 na 2002. Maana yake kila moja inayouzwa leo imeshakula murramu ya Uganda kwa miaka mingi na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Ukisema "nitaiacha kama ilivyotoka kiwandani," unazungumzia gari ambalo halipo tena. Springi zimelala, bushi, yaani vile vipira vya kwenye viungo vya chini, zimepasuka, shokapu zinavuja mafuta. Wengi wanaotaka kunyanyua gari kwa inchi mbili hawajui kwamba limeshashuka sehemu ya hizo inchi mbili. Springi mpya za kimo cha kawaida, shokapu nzuri na seti ya bushi hurudisha kile kilichopotea, na gari linaacha kuyumba kwenye kona. Huo ndio unyanyuaji wa bei nafuu kuliko wote, ingawa jirani hataona tofauti.

Baada ya hapo, shilingi inayofuata naiweka kwenye matairi, na hapa ndipo ubishi unapokolea. Tairi ni kitu cha kuisha. Mtu akinunua bampa anajiona amenunua mali. Akinunua tairi anajiona amenunua sabuni. Naelewa. Lakini gari likishaanza kuteleza kwenye mteremko wa Ruhija, kule Bwindi, baada ya mvua, bampa litakusaidia tu pale utakapofika bondeni.

Aina gani basi? Tairi za matope, zile zenye meno makubwa yaliyoachana, ndizo zinazopendwa kwa sura, na zina watu wake. Anayeishi Kaabong au Kotido, ambako udongo mweusi ukilowa unanata kwenye kila kitu, anazihitaji. Udongo ule hujaa kwenye mapengo ya tairi ya kawaida, na baada ya mita chache tairi linakuwa laini kama chupa. Meno yaliyoachana yana nafasi ya kuurusha nje gurudumu likizunguka kwa kasi, japo nayo hushindwa siku mbaya. Ila hesabu ya mtu wa Kampala ni nyingine. Kutoka hapa hadi Gulu ni kama kilomita 330 za lami, na kwenye lami tairi la matope linanguruma, linalika haraka, na mvua ikinyesha breki zinachelewa kushika. Kwa anayekwenda Murchison au Bwindi mara chache kwa mwaka, tairi la mchanganyiko, lile lenye herufi A/T, linatosha sana. Jambo lenye uzito kuliko meno, na ambalo watu hawaliangalii, ni ubavu. Tairi lililoandikwa LT mwanzoni mwa kipimo chake limetengenezwa kubeba mzigo na kwa kawaida lina ubavu mzito zaidi. Mawe ya murramu yana ncha, na mara nyingi yanachana ubavuni, mahali ambapo fundi wa panchari hawezi kukusaidia. Malipo yake ni kwamba gari linakuwa gumu kidogo na zito kidogo.

Na matairi ya mtumba? Wanaoyapinga kabisa wanazidisha. Wanaoyasifu wanaangalia kina cha meno peke yake. Inama usome ubavuni. Baada ya herufi DOT kuna mlolongo wa alama, na mwisho wake tarakimu nne: 3517 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na meno marefu kwa sababu lilikaa stoo au kwenye gari lisilotembea, huku mpira wake umeshakauka. Likunje jino kwa kidole gumba utazame chini yake. Ukiona nyufa nyembamba kama za kisigino, rudisha. Kampuni nyingi za matairi zinashauri lisizidi miaka kumi hata kama linaonekana zima.

Kabla hatujaacha matairi, kuna kitu ambacho karibu hakina gharama: upepo. Tairi lenye psi 32 ukilishusha hadi 20, au hata 18 kwenye mchanga, linalala na kushika eneo refu zaidi la ardhi. Mto Kidepo wa kule Karamoja ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na magari mengi yanayokwama humo yanakwama yakiwa na upepo wa lami. Unachohitaji ni geji ya kuaminika na kompresa ndogo ya kufungwa moja kwa moja kwenye betri. Zile za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara huunguza fyuzi, na kwenye tairi la ukubwa huu zinachosha. Ukishusha upepo, punguza mwendo na usikate kona kwa nguvu, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Sasa tuje kwenye kunyanyua gari. Wanaolitetea wanataja barabara kama ile ya Katunguru kwenda Ishasha, ambako malori ya kuelekea Kongo huchimba mifereji ya magurudumu kiasi kwamba gari dogo linakalia tuta la katikati. Hoja ni ya kweli, lakini tuangalie kinachonyanyuka hasa. Prado, Surf na Hilux nyingi zina ekseli moja ngumu nyuma, na katikati yake inaning'inia difu, lile bonge la chuma lenye gia za kuzungusha magurudumu. Ukiongeza springi ndefu, au vile vipande vya kuwekwa juu ya springi ambavyo ni rahisi zaidi, kinachopanda ni bodi. Ekseli imekaa kwenye magurudumu, kwa hiyo difu inabaki palepale ilipokuwa. Kwenye tuta la malori, difu ndiyo inayolima.

Kitu pekee cha kawaida kinachoinua difu ni tairi refu zaidi, na tena si kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Prado inayovaa 265/70R16 ina gurudumu la kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukivalisha 265/75R16 kipenyo kinakuwa 804. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayoingia chini ya difu: milimita 13 na ushee. Kwa malipo hayo, kipima mwendo kitakudanganya kwa zaidi ya asilimia 3, yaani kikisoma 100 wewe uko 103, injini itavuta mzigo zaidi, na huenda tairi likagusa fenda ukikata usukani hadi mwisho. Dereva anayejua kupanda juu ya tuta, gurudumu moja katikati na jingine pembeni, anapata nafasi kubwa kuliko hiyo bila kulipa kitu, ikiwa tuta halitelezi.

Hiyo haina maana kunyanyua ni upuuzi. Bodi ikipanda, pembe ya kuingilia na kutokea mitaroni inaboreka, ngazi za pembeni haziburuti, na gari linalobeba hema la paa, majeri ya mafuta na watu watano linahitaji springi ngumu kwelikweli. Mimi ningekubali sentimita nne au tano kwa springi zilizotengenezwa kwa uzito halisi wa gari. Kinachonitisha ni kunyanyua kwa vipande peke yake huku springi na shokapu ni zilezile zilizochoka. Mbele, sivi jointi, viungo vinavyozungusha magurudumu ya mbele, zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, vumbi linaingia, na ndani ya muda mfupi unasikia kokoko kila ukikata kona. Gari refu zaidi pia linapinduka upesi zaidi, na anayeendesha usiku kwenye barabara iliyojaa boda zisizo na taa anajua kwamba kukwepa ghafla ni jambo la kila safari.

Taa za mstari nazipita haraka. Ukiziwasha mbele ya lori linalokuja, unampofusha mtu ambaye uhai wako unamtegemea.

Kwenye maji, snokeli ndiyo inayopata sifa. Kazi yake ni halali: injini ikivuta maji badala ya hewa, maji hayasindikiki, na konrodi, ile fimbo ya pistoni, inapinda papo hapo. Tena kwenye vumbi la kiangazi huvuta hewa ya juu iliyo safi kidogo. Lakini haifanyi gari kuwa mashua. Tena snokeli ya bei chee ambayo viungo vyake havikuzibwa vizuri ndani ya fenda ni pambo tu, kwa sababu maji yataingia kwenye kiungo.

Wakati huohuo kuna kitu cha bei ya chakula cha mchana ambacho hakuna anayekipiga picha: kipumulio cha difu. Juu ya ekseli kuna kivalvu kidogo cha kuruhusu hewa ya moto itoke. Umeendesha saa tatu, difu imepata moto, unaingia mtoni, chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na difu inafyonza maji kupitia kivalvu hicho hicho au kwenye sili. Hutasikia chochote siku hiyo. Baada ya wiki kadhaa ukifungua mafuta yanatoka meupe, na beringi zimeshaanza kulalamika. Dawa yake ni mpira mwembamba unaounganishwa pale na kupandishwa hadi karibu na taa ya nyuma au ndani ya boneti. Fundi yeyote mwenye mikono anaufunga kabla chai haijapoa. Ningechagua huo kabla ya snokeli kwa gari lolote ambalo halivuki maji yanayofika kiunoni, na maji yanayofika kiunoni kwenye mito ya msimu ya Karamoja si ya kuvukwa bali ya kusubiriwa yapungue.

Kinachobaki ni namna ya kutoka ukishakwama, na hapo sikubali ubahili. Watu wanafunga kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kikikatika chini ya mvuto kinaruka kama risasi, na huko duniani watu wameshauawa hivyo. Unahitaji sehemu ya kuvutia iliyofungwa kwenye fremu kwa bolti za daraja la juu, mbele na nyuma, na pingu za chuma zilizochorwa uwezo wake: ya milimita 19 huandikwa tani 4.75. Isiyoandikwa chochote iache dukani hata kama ni nusu bei. Ongeza kamba inayonyumbuka, koleo, na vibao viwili vya kutia chini ya magurudumu.

Na winchi, ile mashine ya kujivuta kwa kamba, je? Wanaoitaka husema ukiwa peke yako ndiyo rafiki. Kanuni ya kawaida ni kuchagua yenye uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, na mashine hiyo pamoja na bampa lake inaongeza makumi ya kilo mbele kabisa, mahali ambapo springi zilizochoka haziwezi kubeba na ambapo gari linazama kwanza kwenye tope. Inahitaji pia betri na altaneta nzima. Msituni Bwindi miti ipo tele ya kufungia. Kwenye mbuga wazi za Narus, kule Kidepo, unaweza kutazama pande zote usione mti wa kuaminika, na njia inayobaki ni kuchimba shimo, kuzika gurudumu la akiba na kulitumia kama nanga, kazi ya jasho la saa nzima au zaidi. Wanaofanya safari hizo kwa kawaida huko kaskazini huenda magari mawili, moja likitangulia na jingine likibaki nyuma kwenye ardhi ngumu hadi la kwanza livuke.