Siku Niliyovuja Damu ya Gia Boksi

Jumamosi ile nilitakiwa niwe ukumbini Sinza saa kumi na mbili jioni, kwenye sendofu ya binti wa shangazi yangu. Nilikuwa mjumbe wa kamati, upande wa vinywaji. Saa nne asubuhi nikajiambia, kazi ya kubadili sampo ya gia boksi, lile karai la chini linaloshika oili, ni saa mbili tu, nitapata hata muda wa kulala kidogo.

Gari lenyewe ni nyumba. Sitanii: lina kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo ambacho mapacha wangu hujifichia wakiitwa kuoga. Chesisi ya Kimarekani, usukani kushoto, gia otomatiki. Nililinunua kwa mtu aliyelichoka, na sasa namwelewa. Mpango ulikuwa kupeleka familia za mjini Mikumi kwa kulipia. Mpaka siku ile lilikuwa limefika Kibaha mara mbili, mara moja likiwa linavutwa.

Ugonjwa wake ni joto. Ukiwa kwenye foleni ya Kimara kwenda Ubungo, mwendokasi zinakupita pembeni kama zinakucheka, huku chini gia boksi inachemka kimyakimya. Kwenye otomatiki, oili ndiyo inayosukuma, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopoza. Ikiungua yenyewe, na gia boksi imekwisha. Ikiwa mpya ni nyekundu kama sharubati ya rozela. Yangu, nilipochomoa kijiti cha kupimia, ilikuwa rangi ya chai iliyolala, na ilinuka maandazi yaliyosahauliwa kwenye mafuta.

Halafu sampo ya asili ya gari lile haikuwa na boliti ya kumwagia oili. Hebu fikiria mtu anayebuni kitu cha kuwekea oili asikipe mlango wa kutokea. Ukitaka kuimwaga, unafungua boliti zote kuzunguka na kuishusha sampo nzima ikiwa imejaa. Fundi wangu wa Tabata aliwahi kuifanya kazi hiyo, akarudi kwake na nusu ya oili kichwani. Ndiye aliyenishauri: tafuta sampo ya alumini yenye kina, ina mapezi ya kupozea chini, inabeba lita kadhaa zaidi, na ina boliti ya kumwagia. Ukiweza, ongeza na filta ya nje, ile ya kuzungusha kama ya injini, kwenye bomba linalorudisha oili kutoka kwenye kipoozeo.

Nilizunguka maduka ya spea mtaa wa Gerezani, duka hadi duka. "Ya Kimarekani hakuna, bosi. Chukua ya Noah, utakata kidogo tu." Kukata kidogo! Mwisho kaka wa mke wangu, anayeishi Texas, akaja nayo kwenye begi alipokuja likizo. Mama mkwe aliikuta mezani inang'aa, akaigeuzageuza.

"Hili la keki ni zuri. Ila tundu hili la nini, baba?"

"La kumwagia, mama."

"Keki unaimwaga?"

Ndani ya boksi kulikuwa na kimfuko cha nailoni chenye vikorokoro vidogo. Nikakitia mfuko wa shati, visije vikaangukia mikononi mwa mapacha.

Msaidizi wangu alikuwa shemeji mdogo, anasoma uhasibu, kijana mtiifu sana. Tukanyanyua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi, nikaingia chini. Sampo ya zamani ukiwa na subira si mbaya: unalegeza upande mmoja, inainama yenyewe, oili inatiririka kwenye beseni. Ilinipata mkono mmoja na sikio tu. Ndani, kwenye sumaku ya chini, kulikuwa na utelezi wa kijivu. Nikampigia fundi.

"Uji au mchele?" akauliza.

"Uji."

"Basi sawa, huo ni uchakavu wa kawaida. Ungekuwa mchele, vipandevipande, ningekuambia ulie."

Nikachomoa filta kuukuu, na hapa naomba nijisifu kidogo. Filta ile hukaa kwenye tundu lenye mpira wa duara, na ukiivuta, mpira hubaki umeganda juu. Wenye haraka hupachika mpya juu ya ule wa zamani, halafu pampu inavuta hewa na gari linagoma kutembea. Mimi nilikaa na bisibisi dakika ishirini, taratibu, nisikwaruze tundu, mpaka nikautoa mzima. Filta mpya ilikuja na shingo ndefu ya kufikia chini ya sampo yenye kina. Nikafuta kingo, nikaweka gasketi, nikakaza boliti kwa kukingamisha, huku na kule, bila kutumia nguvu za ubishi. Fundi mwenyewe angenipa mkono. Filta ya nje nikasema itasubiri wiki ijayo, maana saa nane ilikuwa imefika.

"Shemeji, mimina."

Oili ya otomatiki humiminwa kwa faneli kwenye bomba lile lile la kijiti. Yeye juu na kopo la lita 4, mimi chali chini na tochi ya simu, naikagua gasketi kwa mbele kama inavuja. Kavu. Kavu kabisa. Nilikuwa natabasamu kitu kizito kiliponimwagikia kifuani, kikapanda shingoni, kikaingia mdomoni.

"Simama!" nikapiga kelele.

Jirani yetu ana spika mbili kubwa, na Jumamosi ni siku ya singeli. Shemeji akainama kidogo.

"Niongeze?"

Akafungua kopo la pili.

Kimara ni vilima, na uwanja wetu umeinamia barabarani. Oili ikapita chini yangu, ikapita chini ya geti, ikaenda kumsalimia Bi Mkubwa wa genge pale kwenye nyanya zake. Akafuata ule mchirizi mwekundu kwa macho mpaka kwenye nafasi ya geti. Akaona gari, na miguu miwili inatapatapa.

"Uwiii! Jamani! Gari limemlalia Baba Mapacha!"

Sijui bodaboda hufikaje haraka namna ile. Nilisikia geti linasukumwa, nikashikwa miguu yote miwili na kuvutwa nje kama mtumbwi, kandambili moja ikabaki chini. Nilipotokea, nimelowa wekundu kuanzia kidevuni hadi kiunoni, watu wakarudi nyuma. Mwenye spika akazima muziki. Hapo ndipo nikasikika vizuri.

"Ni oili! Ni oili ya gia!"

"Anaweweseka," mtu akasema. "Mshikeni kichwa."

Shemeji alikuwa amesimama na kopo mkononi, midomo inacheza, sauti haitoki. Mke wangu alikuwa saluni. Nikapakiwa kwenye bajaji, mmoja kanishikilia kifua "damu isiishe", mwingine ananikataza kulala. Kila nilipotaka kueleza, niliambiwa nitunze nguvu. Nikazitunza.

Zahanatini nesi alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Akaniangalia. Akagusa kifua changu kwa kidole cha glovu, akakisugua na dole gumba, akanusa.

"Mgonjwa ni huyu au gari?"

Kimya.

"Naye anaumwa wapi?"

"Kokote," nikasema. "Yaani, siumwi popote."

Akanifungua shati ahakikishe. Kitu kikadondoka kutoka mfukoni, tin! kikabingirika kwenye vigae mpaka miguuni kwa shemeji. Kimfuko cha nailoni. Ndani yake boliti moja nene na washa yake, mpya kabisa, haijawahi kukaza kitu duniani. Shemeji akakiokota, akakisoma kikaratasi kilichokuwa ndani pole pole, kama mtu anayekagua hesabu.

"Shemeji, si hii ndiyo sababu tuliagiza sampo?"

Nesi alilazimika kukaa.

Tuliporudi nilioga kwa sabuni ya unga. Sendofu nilifika saa mbili usiku, vinywaji vikiwa vimeshagawiwa, na shemeji yangu wa kike aliyekaa karibu aliuliza kwa upole kama kuna gari linavuja pale nje. Jumapili nikakaza boliti, nikamimina oili nyingine, nikawasha injini, nikapitisha gia moja moja, nikapima ikiwa ya moto. Iko sawa mpaka leo. Ile sampo ya zamani wanaitumia kuku kunywea maji. Wao hawakuwahi kulalamika kwamba haina tundu.

Kilichobaki ni daftari. Kumbe wakati bajaji inashuka kilima, Bi Mkubwa alikuwa ameshaanza kuzungusha mchango wa matibabu, na jioni alikuja kunikabidhi kwa mikono miwili: shilingi 43,000, majina kwa mstari, elfu mbili, elfu moja, mia tano. Nikataka kuzirudisha, akakataa, akasema nilipie nyanya zake zilizolowa oili, na chenji ninunulie makopo mengine. Nikafanya hivyo. Jina la mwisho ni la mjumbe wetu wa mtaa, kwa mwandiko mzuri kuliko wote: "Ahadi, 10,000." Tukikutana ananiulizia kifua.

Ahadi hajailipa.