Kumpima Punda kwa Kipimo cha Farasi

Anayenunua punda wa gari hapa Unguja aghalabu hutazama kifua na meno, akamtembeza hatua chache, kisha bei ikaanza. Wapo wanaosema kuwa hayo hayatoshi, kwani umbile la miguu ndilo linaloamua kama mnyama atadumu kazini au ataanza kuchechemea mapema. Hoja yao ina mashiko. Farasi hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na goti lililopinda kwa nyuma hubana mifupa yake midogo kila anapokimbia. Sehemu iliyo juu ya kwato ikiwa fupi na wima, mshindo wa ardhi hupanda hadi kwenye viungo. Ikiwa ndefu na iliyolala mno, mzigo huzielemea kano.

Hata hivyo, Seabiscuit, farasi wa Marekani aliyechekwa kwa miguu mifupi na magoti yasiyonyooka, alimshinda farasi bingwa War Admiral mbioni mwaka 1938. Umbile basi huonyesha hatari, halitoi hukumu.

Ninaloliona zito zaidi ni kwamba kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya farasi. Kwato ya punda ni nyembamba na husimama wima zaidi, na miguu yake ya nyuma mara nyingi hukaribiana katikati bila ya kuwa na ila yoyote. Mwenye jicho la farasi atamwita mbovu au, vibaya zaidi, atamchonga visigino vya kwato ili ilale, na kano zivutike bure.

Tena punda asili yake ni nchi kavu, na kwato yake hufyonza maji upesi. Wakati wa masika, akifungwa penye tope na kinyesi, ukuta wa kwato hulainika na kuachana na wayo. Asipochongwa kwa miezi kadhaa, kwato hurefuka upande mmoja, mguu ukaonekana umepinda, na mnunuzi akadhani ni maumbile, kumbe ni uzembe wa mwenye punda. Ndiyo maana kwato inyanyuliwe na kutazamwa kwa chini: mpindo unaoanzia gotini si wa kutengenezeka kwa tupa, ila unaoanzia kwatoni huenda ukarekebika.

Mimi ningemchukua punda aliyepinda kidogo mwenye kwato ngumu, nikamwacha mwenye miguu iliyonyooka aliyelelewa topeni. Ila goti likiwa limepinda kwa nyuma, ningerudi nyumbani na fedha zangu.