Mtoto asihongwe ili ale mboga
Nimesoma makala inayowashauri wazazi jinsi ya kumzoesha mtoto kula mboga. Nakubaliana na sehemu yake kubwa, isipokuwa pale inaposhauri mtoto aahidiwe kitu kitamu akimaliza mboga, kwa sababu ahadi hiyo humfundisha kwamba mboga ni adhabu na kitamu ndicho ujira. Woga wa vyakula vigeni hujitokeza zaidi kati ya miaka 2 na 6, na mara nyingi mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kilekile mara 8 hadi 15 kabla ya kukizoea. Wazazi wengi (nami nilikuwa miongoni mwao) hukata tamaa mara ya tatu. Binti yangu alianza kwa kuinusa karoti, akailamba, akaitema, na wiki kadhaa baadaye akaidokoa sahanini mwangu bila kuombwa.