Mbuzi wa Mutrah na kofia ya mjomba

Mjomba anaishi Muscat tangu sijazaliwa, lakini kofia yake lazima itoke Unguja. Iwe ya viua, ya kushonwa kwa mkono, na vitobo vyake vipangike. Za mashine hataki hata kuziona. Mama akampa kazi fundi wake, nami nikaipakata ndani ya ndege kama trei ya mayai.

Nilipofika, mjomba alikuwa Sohar, anarudi jioni. Binamu akaniambia, "Ivae bwana, jua hili litakuua, nikakutembeze."

Tukaanzia mji wa zamani: kasri ya Al Alam, na ngome za Jalali na Mirani zikiilinda huku na huku. Binamu akashika usukani wa historia. Wareno walitimuliwa hapa mwaka 1650, halafu Waomani wakawafuata hadi Mombasa, wakaitwaa Fort Jesus mwaka 1698. Alivyokuwa akisimulia, ungedhani na yeye alikuwemo jahazini.

Tukaenda Riyam, penye mnara wa chetezo. Hapo ipo njia ya zamani ya miguu inayokatiza milimani hadi Mutrah. Unafuata alama za rangi juu ya mawe. Ni mwamba mtupu, na jua unalipata la juu na la chini. Tulipofika pa kuiona bandari ya Mutrah, nikavua kofia nipate upepo, nikaiweka juu ya jiwe, nikatoa simu nipige picha.

Mbuzi yule sijui alitokea wapi. Mlima mzima hauna jani la maana, leo kaletewa darizi iliyokolea chumvi ya jasho langu! Nikamfukuza, "Shuu! Toka!" Hata sikio hakutikisa. Binamu akamkemea kwa Kiarabu. Ndiyo kwanza akaongeza kasi ya kutafuna. Nikashika upande wangu, naye kang'ang'ania wake, tukavutana pale ukingoni huku watalii wawili wakiturekodi bila haya. Mimi nilipata robo. Yeye akaondoka na tatu zilizobaki, anatembea taratibu, hana habari na mtu.

Tukateremka mbio hadi soko la Mutrah. Ubani ulikuwa ukifuka, wauza shali wakituita, sisi macho kwenye kofia tu. Duka baada ya duka ni za mashine, mpaka tukaipata moja iliyofanana kidogo. Binamu akaapa mjomba macho yameshachoka, hatajua.

Jioni mjomba akaingia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Akavaa miwani. Akaisogeza kwenye taa, akapapasa viua kimoja kimoja, akaipindua ndani nje. Binamu akakumbuka ana chai jikoni.

"Mashaallah," mjomba akasema, akibandua kikaratasi cha bei. "Kumbe Unguja siku hizi mnauziana kwa riali?"