At the Circus: deni la dola 10,000 liliwafunga ndugu Marx?

Tuko ndani ya At the Circus, filamu ya ndugu Marx, wachekeshaji wa Marekani: mvua inanyesha, treni ya sarakasi inakaribia kuondoka. Antonio, yaani Chico, ndiye aliyemwita wakili Loophole aje haraka. Wakili, ambaye ni Groucho, anafika amelowa chapachapa, na Antonio huyohuyo anamzuia mlangoni: huna beji, hupandi. Urafiki haumsaidii, wala kuitwa hakumsaidii.

Hapo At the Circus ya 1939 bado ina wazimu wake. Wanaoiponda wanasema wazimu huo unakufa hadithi inapoanza: Jeff Wilson, kijana mwenye sarakasi, anadaiwa dola 10,000, hela zinaibwa ndani ya treni, na ndugu watatu wanageuzwa wasamaria wema wa yeye na mpenzi wake. Filamu yao ya 1933, Duck Soup, iliwaacha waitumbukize nchi nzima vitani bila kumwokoa mtu. Kuwatumikia wapendanao walikuja kufundishwa kwenye studio ya MGM na mtayarishaji Irving Thalberg, na mwaka 1935 A Night at the Opera ikawajazia kumbi. Thalberg alifariki 1936. Kanuni yake ikabaki, jicho lake halikubaki.

Nakubali, lakini nusu tu. Deni lenyewe si baya. Pauline, mwanasarakasi anayetembea darini kichwa chini, anazificha zile hela kifuani. Groucho anaigeukia kamera na kutuambia kuwa lazima ipo njia ya kuzipata bila kugombana na ofisi ya Hays, waliokuwa wakikagua maadili ya filamu wakati huo. Bila deni, utani huo ungetoka wapi? Kinachochosha ni Jeff anaposimama kuimba mapenzi na kila mtu anangoja amalize. (Wimbo wa Groucho kuhusu Lydia mwenye tatuu mwili mzima hauhusiani na deni hata kidogo, na hakuna anayetamani uishe.)

Kuhusu Harpo, ndugu wa tatu, kuchezeshwa na waigizaji Weusi waliochorwa kama watu wa kushangaa na kuruka tu, hapo sina utetezi.

Ila mwisho! Shangazi tajiri wa Jeff ameandaa karamu Newport, mji wa pwani Marekani, na okestra yake imepangwa kwenye jukwaa linaloelea majini. Kamba inakatwa. Jukwaa linaondoka taratibu kuelekea bahari kuu, na wanamuziki, suti zao zimenyooka, bado wanapiga muziki wa mtunzi Wagner.