Karafuu haitibu H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, acheni kuwatupisha watu dawa

Imenifikia tena ile sauti ya WhatsApp, safari hii kutoka kwa shemeji yangu. Chemsha karafuu, tangawizi na manjano, kunywa kabla hujala kitu, vidonda vya tumbo vinakwisha, saratani haikusogelei, na dawa za hospitali tupa. Hapo kwenye kutupa ndipo damu iliponichemka. Kuna mama mtaani kwetu aliyefuata ushauri huu. Vidonge vyake vilibaki nusu pakiti juu ya kabati, yeye akashika birika. Baadaye alianza kupata choo cheusi kama lami, akalazwa akiongezewa damu.

Viungo navipenda. Kwetu chai haiteremki jikoni bila iliki na mdalasini. Na nakubali, maabara zimeonyesha kwamba manjano, tangawizi na katekini, kemikali za asili za chai ya kijani, zinaweza kumdhoofisha bakteria huyo, Helicobacter pylori, hata kumuua. Lakini hayo yametokea kwenye kisahani cha maabara, bakteria wako wazi na dondoo kali imewamwagikia. Tumboni bakteria huyu hujichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Ana kimeng'enya, urease, kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo huizima asidi inayomzunguka. Kiumbe aliyejipanga kuishi ndani ya asidi hiyo unataka kumng'oa kwa kikombe cha karafuu, ambacho baada ya muda mfupi kimeshashuka utumboni? Huko Thailand waliwahi kuwapa wagonjwa kurkumini, kiini cha manjano, wakawalinganisha na waliopewa antibiotiki. Wa kurkumini karibu wote walibaki na bakteria wao.

Na huyu si mdudu wa kubembelezwa. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa kwa makusudi ili kuthibitisha kwamba ndiye anayeleta ugonjwa, na ukuta wa tumbo lake ukavimba kweli. Mwaka 1994 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, ikamweka kundi la kwanza, la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Wengi wenye naye hawapati saratani, sawa. Ila aliyegundulika akaandikiwa dawa amepewa nafasi ya kumwondoa: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, kisha anapimwa tena. Ukiikatiza njiani, wanaosalia ni wale sugu, na dozi ya pili inakuwa na kazi ngumu zaidi.

Chumvi nyingi nayo inachangia saratani ya tumbo, lakini hiyo sijasikia mtu akiirekodia sauti.

Halafu kuna moto wa chai. Mwaka 2016 IARC hiyo hiyo ilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani koo la chakula. Saratani hiyo inatumaliza, Bomet kule Kenya inajulikana, Kilimanjaro inajulikana, na bado tunamsifu anayemaliza kikombe kingali kinafuka. Iacheni ipoe kwanza.

Shemeji nimemjibu kwenye kundi, mbele ya wote: anayetaka karafuu anywe, vidonge avimalize, na mwenye choo cheusi aende hospitali leo hii.